Laki tatu, ikisiri moja na Kiingereza kinachokimbia

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma ualimu mwaka wa pili hapa Mwanza, masomo yangu ni Kiingereza na Historia. Mhadhiri ametuambia kuna kongamano la walimu wa Kiingereza Dar es Salaam na wanafunzi wanaruhusiwa kutuma ikisiri, yaani muhtasari wa mada. Nimepiga hesabu: kiingilio cha mwanafunzi elfu hamsini, nauli kwenda na kurudi, gesti siku tatu na chakula, inakaribia laki tatu. Mama yangu anaanika dagaa Igombe, na bumu, fedha ya mkopo wa chuo, limeshaishia kwenye kodi ya chumba. Wenzangu wengine wanasema cheti cha kongamano kinasaidia kwenye ajira, wengine wanasema hayo ni mambo ya maprofesa. Nataka kuandika kuhusu darasa langu la BTP (mazoezi ya kufundisha), kidato cha kwanza, wanafunzi 94. Siku moja niliwaruhusu wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili kwanza, ndipo waseme kwa Kiingereza, wakaongea kuliko siku zote. Lakini naogopa nitachekwa kwamba mwalimu wa Kiingereza anafundisha kwa Kiswahili. Ikisiri yangu inaanza hivi: 'Kiingereza ni lugha ya kimataifa yenye umuhimu mkubwa duniani.' Hofu kubwa zaidi ni kwamba nikisimama mbele ya wahadhiri Kiingereza kinakimbia chote. Kuandika naandika, kwa wanafunzi wangu naongea, ila pale nakuwa bubu. Halafu mwenzangu kapata barua pepe ya mwaliko wa kongamano Dubai, anatakiwa alipe dola 250 kwanza. Nishauri."*

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina matawi mengi, na tawi linalokulemea si laki tatu. Ungekuwa nazo mkononi leo bado ungeniandikia, kwa sababu ya huo ububu. Kwa hiyo huko ndiko nitakokaa sana. Fedha tutazifikia.

La Dubai nilimalize kwanza kwa kuwa halihitaji wino mwingi. Mwambie mwenzako asilipe. Mialiko ya namna hiyo inafanana: inakusifu kwa utafiti ambao hujaufanya, inachanganya elimu, uhandisi, kilimo na udaktari wa meno kwenye mkutano mmoja wa siku mbili, inakubali ikisiri yako kabla hata chai haijapoa, kisha inataka dola. Kongamano la kweli lina mada, lina kamati yenye watu wanaojulikana wanakofundisha, lina tarehe ya mwisho ya kutuma ikisiri, na jibu huja baada ya wiki kadhaa kwa sababu kuna watu wanaokaa kuzisoma. Akitaka uhakika, ampelekee mhadhiri wenu barua hiyo aisome. Dakika mbili zinatosha.

Sasa tuje kwenye ububu.

Unaamini Kiingereza kinakimbia. Hakiendi popote. Kingekuwa kinakimbia usingesimama mbele ya watoto 94 ukamaliza kipindi. Wengi wakipatwa na hali yako hukimbilia kamusi, wakidhani wamepungukiwa msamiati. Nimewaona wanachuo wanaokariri maneno ishirini kila siku na bado wananyamaza ukumbini. Hawajapungukiwa maneno. Wamezidiwa na kazi.

Mholanzi mmoja, mtaalamu wa saikolojia ya lugha, Willem Levelt, mwaka 1989 alieleza kuzungumza kama kazi tatu zinazofuatana kwa kasi: kwanza akili inapanga cha kusema, kisha inakivika maneno na sarufi, halafu mdomo unakitamka. Juu ya hizo tatu kuna sikio la ndani linalokagua kile kinachotoka. Kwa lugha uliyokua nayo, unafikiria kazi ya kwanza tu. Nyingine zinajiendesha.

Nenda mwalo wa Kirumba asubuhi ukamtazame mama anayepaa sato. Kisu kinakwenda bila kutazamwa, huku anapatana bei na mteja, anamgombeza kijana aliyechelewa na ndoo ya maji, na chenji anaihesabu kichwani. Mpe kisu hicho mtu ambaye hajazoea. Magamba yatatoka, lakini mwulize bei, atanyamaza, maana akili yote iko kwenye kidole asije akajikata. Bei anaijua. Hana tu nafasi ya kuitaja. Kwa Kiswahili wewe ni yule mama. Kwa Kiingereza bado unatazama kisu.

Basi kwa nini mbele ya wanafunzi unaongea? Kwa sababu kule mkaguzi ni wewe. Mbele ya wahadhiri lile sikio la ndani linavaa sare za polisi: kila kitenzi kinasimamishwa kikaguliwe leseni kabla hakijapita. Nafasi ya akili ya kushughulikia mambo kwa wakati mmoja ni ndogo kwa kila binadamu, na hofu inapoingia inachukua viti vya mbele. Kinachobaki hakitoshi kupanga wazo, kutafuta neno na kukumbuka *-s* ya mtu wa tatu kwa pamoja. Ndipo unaposimama ukiwa umekodoa macho, halafu ukikaa tu sentensi nzima inarudi, tena nzuri.

Polisi huyo hakuzaliwa nawe. Mimi nimesoma sekondari ambako ukikutwa unaongea Kiswahili ulivishwa kibao shingoni, ukabaki nacho mpaka umkamate mwingine umpokeze. Nilikivaa siku mbili. Nilichojifunza ni kwamba asiyeongea havikwi kibao. Na nilikuwa mwanafunzi hodari wa somo hilo: muhula mzima nilinyamaza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sijui shule yako ilikuwaje, lakini ukiona unaogopa kosa kuliko unavyoogopa kutoeleweka, mizizi yake huwa maeneo hayo.

Unafanyaje? Kwanza, usikariri hotuba nzima. Aliyekariri akisahau neno moja amepoteza yote, kama mtu aliyekanyaga ngazi iliyovunjika. Kariri sentensi mbili za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo moyo unadunda zaidi, na sentensi ya mwisho ili ujue pa kutua.

Katikati tumia zoezi ambalo walimu wa lugha wanalifahamu kwa namba zake, nne-tatu-mbili, lililoenezwa sana na Paul Nation wa New Zealand. Tafuta watu watatu. Wa kwanza mwelezee mada yako kwa Kiingereza dakika nne. Wa pili mwelezee jambo lile lile dakika tatu. Wa tatu dakika mbili. Saa ya simu inatosha. Raundi ya kwanza utatapatapa, utasema "aa" mara arobaini. Ya pili, wazo limeshapangwa, kwa hiyo kazi moja imekutoka kichwani. Ya tatu, mafungu ya maneno uliyoyatafuta kwa shida yanakuja yameshikana, na muda mfupi unakunyima nafasi ya kumsikiliza polisi. Kasoro ya zoezi hili nikueleze pia: ukirudia kosa mara tatu unalipigia msumari. Kwa hiyo msikilizaji wa kwanza aandike makosa mawili tu, si kumi na mawili, uyarekebishe kabla ya raundi ya pili. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki sita na utaona tofauti, ingawa siahidi kwamba moyo utaacha kudunda. Wangu bado unadunda.

Kuhusu lafudhi, usipoteze usingizi. Mwaka 2000 mtafiti Mwingereza Jennifer Jenkins alichapisha uchambuzi wa matamshi yanayobeba maelewano pale watu wa lugha tofauti wanapokutana kwa Kiingereza. Ile *th* tunayochapiana nayo darasani aliiweka nje ya orodha ya mambo ya lazima. Alichokiweka ndani ni urefu wa irabu, konsonanti nyingi zilizobaki, na mkazo kwenye neno kuu la sentensi. Hapo ndipo sisi tunapoteleza, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kubishana. Nimemsikia mwalimu akiwaambia wageni *"I leave in Mwanza"*, nao kwa heshima wakamwuliza anahama lini. Na sisi wa Usukumani tuna letu la nyongeza: Kisukuma kinaishi na *l*, hivyo *rice* ikigeuka *lice* umemkaribisha mgeni chawa. Andika maneno kumi ya mada yako utakayoyarudia sana, umwombe mtu wa fonolojia pale idarani akusikilize hayo kumi. Mengine yaache.

Nikusimulie kongamano langu la kwanza. Nilisoma kurasa kumi na moja bila kuinua uso. Nilipomaliza, mama mmoja kutoka nchi jirani akauliza swali lililoanza na *how*. Nikajibu *"Yes"*. Ukumbi ukatulia. Akarudia taratibu, kwa upole kabisa. Nikajibu *"Yes, of course"*. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Miaka baadaye ndipo nilipoelewa: sikukosa Kiingereza cha kujibu, ila swali sikulisikia kabisa, kwa sababu nilikuwa bado najisikiliza mwenyewe. Tangu siku hiyo, nikiulizwa, nalirudia swali kwa maneno yangu kwanza, *"So you are asking how…"*. Inaonekana ni adabu, kumbe nanunua sekunde tano. Nawe zinunue.

Lipo lingine ambalo nadhani hujaliona. Wanafunzi wako 94 uliwafanyia jambo ambalo wewe mwenyewe unajinyima. Ulipowaacha wajadiliane kwa Kiswahili dakika chache, uliwaondolea kazi ile ya kwanza, ya kupanga cha kusema. Walipogeukia Kiingereza walikuwa wanatafuta maneno ya wazo ambalo tayari wanalo. Siku nyingine ulikuwa unawadai wazo, maneno, sarufi na ujasiri kwa pigo moja. Tena watoto waliotoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili wakaamka Januari wanafundishwa karibu kila kitu kwa Kiingereza!

Kwa hiyo hapana, hutachekwa. Au nikuambie kwa usahihi zaidi: atakuwepo mmoja wa kukunja uso, na wengi watakaosogeza viti mbele. Suala la lugha darasani kwetu ni la siku nyingi. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika ripoti kuhusu Kiingereza mashuleni Tanzania, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui vya kutosha kukitumia kujifunzia masomo mengine. Kuanzia 2002 mradi wa LOITASA uliwakutanisha watafiti wa Tanzania na Afrika Kusini kuhusu lugha ya kufundishia, na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliolisemea sana suala hili. Kuitumia lugha anayoijua mtoto kama daraja la kuvukia lugha anayojifunza nako kuna jina kwenye taaluma, *translanguaging*, na chimbuko lake ni Wales, ambako Cen Williams katika miaka ya 1990 alieleza madarasa yanayosoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine kwa makusudi. Ulichokifanya kina ukoo.

Lakini yule wa kukunja uso msikilize, ana hoja. Mtoto wa kijiji cha wavuvi hakutani na Kiingereza dukani wala nyumbani. Kipindi chako ndicho kisima chake pekee, na kila dakika ya Kiswahili ni ndoo moja iliyomwagika. Tena ukifungua mlango wa Kiswahili bila kuweka kizingiti, kipindi kizima kinapita humo. Nimekagua madarasa ambako mwalimu alisema *"discuss"*, watoto wakajadiliana Kiswahili dakika thelathini, kengele ikalia, na Kiingereza pekee kilichosikika siku hiyo ni hilo neno *discuss*. Jiandae kujibu: Kiswahili kilichukua dakika ngapi? Ulikikata vipi? Walipofika kwenye Kiingereza waliongea nani na nani, au ni wale wale wa dawati la mbele?

Swali hilo la mwisho ndilo udhaifu wako kwa sasa. "Wakaongea kuliko siku zote" ni kauli ya furaha, si ushahidi. Mkaguzi wa ikisiri atauliza umejuaje. Una daftari la BTP, bila shaka uliandika tathmini ya kila kipindi. Rudi humo. Kama uliandika wangapi walijibu kabla na wangapi siku ile, hiyo ndiyo dhahabu yako. Kama hukuandika, usitunge namba hata moja. Sema ulichokiona kama ulivyokiona, na useme ni darasa moja, siku moja. Ukienda BTP ijayo, chora ramani ya madawati kwenye karatasi na uweke alama kila mtoto anapofungua mdomo kwa Kiingereza. Kalamu na karatasi tu.

Sasa ile sentensi ya kwanza. "Kiingereza ni lugha ya kimataifa yenye umuhimu mkubwa duniani." Watakaoisoma ikisiri yako ni walimu wa Kiingereza. Unawaambia wavuvi kwamba ziwa lina maji. Ikisiri huwa na nafasi ya maneno mia mbili au tatu, na umeshatumia ya mbele kusema kisichobishaniwa. Anza pale ambapo hakuna mwingine anayeweza kuanza: "Katika darasa la wanafunzi 94 wa kidato cha kwanza pembezoni mwa Ziwa Victoria, wachache wa mbele ndio waliokuwa wakijibu kwa Kiingereza." Hapo nimeshaliona darasa. Fuatia na ulichobadilisha, ukitaja dakika. Kisha kilichotokea, pamoja na kisichofanya kazi, maana nina hakika kipo. Malizia na kitu ambacho mwalimu mwenye watoto tisini anaweza kukijaribu Jumatatu bila projekta wala umeme. Usitaje jina la shule, usiweke picha za watoto, na kama unataka kunukuu maandishi yao rudi kwa mkuu wa shule uombe ruhusa kwanza. Mhadhiri wako anajua utaratibu wa chuo kwa hilo, mwone ana kwa ana kabla hujatuma.

Na uliza kama kuna nafasi ya kuwasilisha kwa bango. Kwa hali yako ningechagua hiyo. Bango unalibandika ukutani, unasimama pembeni, mtu mmoja anakuja, mnaongea dakika nne, anaondoka, anakuja mwingine. Ukilitazama vizuri ni lile zoezi la nne-tatu-mbili, ila msikilizaji ni mgeni. Kufikia mtu wa kumi utakuwa unaongea kama ulizaliwa nalo. Kuna wanaoliona bango kuwa ni daraja la chini. Wamekosea. Nimepata mawazo mengi zaidi nimesimama mbele ya mabango kuliko nimekaa nyuma ya ukumbi nikisinzia.

Haya, fedha.

Kuhusu cheti, wenzako wanaosema kinasaidia ajira wamekipandisha cheo. Ukiomba kazi ya ualimu serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira unatakiwa vyeti vya taaluma, na siku hizi walimu nao wanapita kwenye usaili. Karatasi inayosema ulihudhuria mkutano siku tatu haijazi pengo la sifa yoyote. Shule binafsi huenda ikaitazama, hasa ukiwa umewasilisha na si kuhudhuria tu, lakini atakayekuhoji ataacha karatasi akuulize: ulisema nini huko? Wanaosema ni mambo ya maprofesa nao wamekosea upande wao. Vyama vya walimu wa Kiingereza vilianzishwa na walimu kwa ajili ya walimu. TESOL ya Marekani ilianza 1966, IATEFL ya Uingereza 1967, na hapa nyumbani tuna TELTA. Profesa anakwenda pale kutafuta kile ambacho wewe unacho na yeye hana, yaani darasa lenye watoto wa leo.

Kwa hiyo gawa uamuzi wako mara mbili. Kutuma ikisiri hakuna nauli. Hakikisha tu kwamba kutuma ni bure, kisha itume. Ikikataliwa umejifunza kuandika ikisiri, na mara nyingine hurudi na maoni. Ikikubaliwa, unayo barua mkononi, na mlango unaobishwa na mwenye barua hufunguliwa tofauti na wa mwenye ombi tupu. Mwonyeshe mkuu wa idara. Waandikie waandaaji uulize kama wanafunzi wanaowasilisha wanapunguziwa kiingilio, au kama wanahitaji vijana wa kusaidia mapokezi na kusajili wageni, kazi ambayo mara nyingine humaliza kiingilio chote. Uliza kama wahadhiri wanakwenda na gari la chuo. Ndugu wa Dar ulionao, hata awe Mbagala ndani ndani, anaondoa gharama ya gesti. Laki tatu ikishuka ikawa laki moja na ushee, ni hesabu nyingine.

Isiposhuka, usiende mwaka huu. Nakuambia wazi kwa sababu najua wanafunzi wanaokopa. Mikopo ya kausha damu usiiguse kwa ajili ya kongamano, hata kama umebaki mtu mmoja tu wa idara yenu ambaye haendi. Na fedha ya mama, wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa juu mitumbwi inalala, na kichanja kinabaki kitupu siku kadhaa. Fedha inayokuja kwa mafungu hivyo haikatwi laki tatu kwa mkupuo bila nyumba kuyumba.

Kubaki Mwanza si kubaki nyuma. Walimu walio kazini wana MEWAKA, mafunzo yao endelevu, ambako hukaa vikundi shuleni kujadili somo lililowashinda. Mwombe mwalimu aliyekulea kwenye BTP akuruhusu uhudhurie kikao kimoja, uwaeleze darasa lako. Watu wanane kwenye chumba cha walimu, chai na mihogo mezani, na maswali makali kuliko ya Dar. Kisha idarani kwenu omba dakika kumi na tano kwenye semina. Ukishapita hapo mara mbili, mwakani utakwenda na kitu kilichoiva.

Ukienda mwaka huu, ushauri mmoja tu wa safari: usihudhurie kila kikao. Chagua vitatu kwa siku, kaa mbele, na chai unywe na mtu usiyemjua. Wanafunzi wetu wa Mwanza wana tabia ya kutembea kundi zima kama kumbikumbi, wanarudi wakiwa wamejuana wenyewe kwa wenyewe.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatibu. Kama ububu unakupata hata ukiongea Kiswahili mbele za watu, au maneno yananasa kooni kwa kigugumizi, hilo si suala la Kiingereza. Kama kabla ya kuwasilisha unatapika, hulali siku mbili, kifua kinabana, au umeanza kukwepa vipindi ili usiitwe mbele, mwone mshauri wa wanafunzi hapo chuoni wiki hii, na usione aibu kupanda hospitali ya Bugando kwenye kliniki ya afya ya akili. Hofu ya namna hiyo inatibika, na wanaoitibu wameshaona wengi wa aina yako na yangu.

Jumamosi ukienda Igombe, wakati mnageuza dagaa, msimulie mama habari za lile darasa kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho mnachotumia nyumbani, tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo raundi yako ya kwanza kabisa, kabla ya zile dakika nne. Atakapokukatiza akuulize, "Sasa wale wa nyuma walisema nini?", usimjibu haraka. Kaandike swali lake, ndilo utakaloulizwa Dar.